Tanbihi Isiyokuwemo Kitabuni

Wafanyakazi wa maktaba ile ya chuo walimwita Sauti, na wanafunzi, kwa kuwa adabu bado ipo duniani, wakamwita Shangazi Sauti. Jina lenyewe hakupewa kwa kupendwa. Alilipata akiwa bado kwenye meza ya kuazimia vitabu, pale ambapo bango kubwa ukutani linasema KIMYA na yeye amekaa chini yake anaongea. Si kwamba alikuwa mmbea, la hasha. Ila hakuweza kumgongea mtu muhuri bila kumwambia kitu. Ukirejesha kitabu mapema, atakuuliza umekisoma au umekitembeza tu. Ukichelewa, atataka kujua ulikuwa nacho wapi na huko kimeona nini. Na sauti yake sasa, jamani! Ilitoka tumboni, nene, safi, haikwami popote. Ilifika mpaka kwenye rafu za sheria mwisho wa ukumbi, na waliokuwa wakijiandaa na mitihani wakanyanyua vichwa kwa hasira.

Malalamiko yakajaa kwenye kisanduku cha maoni. Mkuu wa maktaba, mwanamume mwembamba wa kuvaa sweta hata jua likiwaka, akachoka. Akamwita ofisini.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," akamwambia. "Lakini hii ni maktaba."

"Kwani mimi nimesema ni soko?"

"Wewe hujasema. Ila ukikaa pale, inakuwa."

Basi akahamishiwa chini, kwenye chumba cha kurekodi vitabu kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Wenzake walimwonea huruma. Chumba hakikuwa na dirisha. Kuta zilibandikwa sponji za kijivu kutoka sakafuni hadi darini ili mwangwi usirudi, na ndani mlikuwa na meza, taa, kompyuta, kipaza sauti kwenye mkono wa chuma, na kiti ambacho ukijitikisa kidogo kinalia. Wao waliona mwenzao katiwa jela. Yeye aliingia, akakaa, akafungua kitabu cha kwanza, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti yake yote bila mtu wa kumnyamazisha, akajua amefika kwake.

Na kazi aliipatia, hilo hata wasiompenda walikubali. Maktaba ilikuwa na mashine ya nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole, lakini ilikuwa na madeko; wiki hii inachapa, wiki ijayo imekwama. Vitabu vingi vya kozi havikuwa na nukta nundu hata kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi asiyeona alikuja kwa Shangazi Sauti na orodha ya mwalimu wake, Shangazi akavitoa vitabu rafuni, akavisoma, akamtilia rekodi kwenye kifaa kidogo cha kuazima. Akimaliza kusikiliza, anarudisha kifaa, na vilivyomo vinafutwa, kwa sababu haki za waandishi ni haki za waandishi. Rekodi mama ilibaki kwenye kompyuta ya chumba kile, na ufunguo wa chumba kile ulikaa shingoni mwa Shangazi.

Usidhani kusoma kitabu cha chuo kwa sauti ni sawa na kusoma gazeti. Kuna majedwali, kuna michoro, kuna mabano ndani ya mabano. Shangazi alijitungia taratibu zake. Picha aliielezea kama anavyomweleza jirani aliyesimama nje ya ua. Na tanbihi, yale maelezo madogo yanayokaa chini ya ukurasa, aliyatenga kwa kugonga meza na pete yake ya ndoa: mara moja tanbihi inapoanza, mara mbili inapokwisha. Ko. Halafu ko, ko. Wanafunzi walizoea mpaka wakawa hawahitaji kuelezwa. Wakisikia pete, wanajua mwandishi ameinama kuwanong'oneza jambo pembeni.

Mwanafunzi aliyemsomea zaidi alikuwa msichana mmoja wa mwaka wa mwisho, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla na fimbo nyeupe aliyoipenda kuigonga kwenye kila mlango kama polisi. Shangazi alimwita Mwanasheria, ingawa hakusoma sheria. Alisoma mambo ya jamii. Alimwita hivyo kwa sababu ya ubishi wake. Tangu mwaka wa kwanza msichana huyu alikuwa amesoma vitabu vyake karibu vyote kwa mdomo wa Shangazi, na sasa alikuwa ameandika tasnifu yake ya kumalizia masomo, kuhusu kazi za nyumbani na nani anazihesabu kuwa kazi. Msimamizi wake aliisifu. Kule kwao mama yake alikuwa ameshaanza kushona gauni la mahafali.

Kisha ikaja ile asubuhi ambayo msichana alishuka ngazi bila kugonga mlango wowote.

"Shangazi, wamenishika," akasema, akabaki amesimama mlangoni.

"Nani amekushika? Kaa kwanza."

Hakukaa. Alimweleza kwa haraka, maneno yakigongana. Mtahini kutoka nje ya chuo alikuwa ameisoma tasnifu yake, akafika sura ya tatu, ambamo msichana ameandika kwamba mwandishi fulani mashuhuri wa mambo ya familia anakiri mwenyewe, katika tanbihi, kwamba hakuhesabu kufua, kupiga pasi na kulea kuwa kazi. Sura nzima ilisimama juu ya ungamo hilo. Mtahini akakifungua kitabu. Ukurasa upo. Tanbihi haipo. Akatafuta kitabu kizima, hakuna. Sasa msichana alikuwa anashtakiwa kwa kughushi, kwamba amembandikia mwandishi maneno ambayo hakuyasema. Kesho kamati ya nidhamu inakaa. Akipatikana na hatia, hakuna shahada, na hakuna kurudi.

"Mimi niliisikia, Shangazi. Niliisikia kwa masikio yangu, na pete uligonga. Naomba unifungulie ile sura nisikilize tena."

Hapa ndipo Shangazi alipoharibu. Badala ya kusikia shida ya mtoto, alisikia kwamba mtu anaitilia shaka kazi yake. Kichwa kikamvimba.

"Mwanangu," akasema, "mimi kazi hii naifanya wewe bado uko sekondari. Siongezi, sipunguzi. Kama kitabuni hakimo, kwangu hakimo. Umechanganya na kitabu kingine. Vitabu ni vingi, uchovu ni mwingi, mtu anasikia vibaya."

"Sikusikia vibaya."

"Basi umeota. Njoo mchana, sasa hivi nina mtu anasubiri sura zake."

Msichana alisimama pale kidogo, kama anayengoja neno jingine. Halafu akageuka akapanda ngazi.

Na kana kwamba hilo halikutosha, kabla ya saa kupita mkuu wa maktaba alishuka na sweta lake. Kamati ilikuwa imemwuliza kama rekodi za maktaba yake ni za kuaminika. Angewajibu nini?

"Waambie neno kwa neno," Shangazi akasema bila hata kugeuza kiti. "Nukta kwa nukta."

"Una hakika?"

"Wewe ulishawahi kuniona nikikosea?"

Mkuu akaenda kuandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Shangazi alipobaki peke yake, kitu kikawa kinamkereketa. Si shaka, alijiambia. Ni vile mtoto alivyogeuka. Akaamua amfungulie ile sura, aisikilize yeye mwenyewe kwanza, halafu mchana amwonyeshe Mwanasheria alipojichanganya, wacheke, yaishe. Hakuwa na desturi ya kujisikiliza. Mpishi mzuri haonji kila chungu, ndivyo alivyokuwa akijisifu. Akavaa vipokea sauti, akatafuta sura, akabonyeza.

Sauti yake ikaanza, tamu, akaifurahia. "Baada ya chakula cha mchana," ikasema kwa niaba ya mwandishi, "mama wa nyumbani huwa na saa kadhaa za mapumziko."

Ko.

"Mapumziko yanayotajwa hapa yanajumuisha kufua, kupiga pasi na kulea. Mwandishi hakuzihesabu shughuli hizi kuwa kazi."

Ko, ko.

Shangazi akavivua vipokea sauti polepole, akaviweka mezani.

Maana alikumbuka. Alikumbuka yote, mpaka harufu ya siku ile. Alipofika pale kwenye hayo mapumziko alikuwa ametoka nyumbani ameacha beseni la nguo, na ile sentensi ilimchoma. Sasa yeye alikuwa na kamchezo kake. Mwandishi akisema upuuzi, Shangazi alimjibu humo humo, kwa kumwigiza, kwa sauti ile ile kavu ya kisomi, na pete juu yake ili mzaha ukolee. Akishacheka, anarudi nyuma, anarekodi upya juu ya ule mzaha, unafutika, anaendelea. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, na kila mara alifuta. Siku ile hakufuta. Alikuwa bado anacheka mlango ulipofunguliwa kwa kishindo: bomba limepasuka kwenye rafu za chini, njooni wote! Walikimbia, wakabeba vitabu kwa mikono na kwa khanga na kwa ndoo za usafi, wakavianika juu ya kila meza ya maktaba. Alirudi chumbani amelowa mpaka magotini, akaona ameishia kwenye tanbihi, akaanza aya iliyofuata.

Aliangalia skrini. Mstari wa sauti yake ulikuwa pale, milima na mabonde, na yale maneno yalikuwa kilima kidogo tu katikati. Kukifuta kile kilima ni kubonyeza mara moja. Hakuna mtu angejua. Mkuu ameshaandika neno kwa neno. Msichana ameshaambiwa ameota. Aliona mkono wake mwenyewe uko juu ya kipanya, akaunyakua kama ameshika pasi ya moto.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti, na sponji za ukutani zikaimeza.

Mchana alimngoja msichana. Hakuja. Akapiga simu yake, imezimwa. Akaenda bwenini, akaambiwa na mwenzake wa chumba kwamba amelala, hataki kuongea na mtu, na hasa hataki kuongea na mtu wa maktaba. Shangazi alirudi nyumbani na uso ambao hata paka aliupisha.

Mumewe alikuwa fundi majokofu, mtu wa maneno machache, na watu waliuliza kama ni kimya kwa asili au ni kwa kukosa nafasi. Alikuwa sebuleni anasafisha feni ndogo ya jokofu kwa mswaki. Shangazi akamweleza kila kitu, amesimama, na kibegi bado begani.

"Lile ulilosema," fundi akauliza alipomaliza, "lilikuwa kweli?"

"Kweli tupu! Muulize mwanamke yeyote!"

"Sasa kama ni kweli, kwa nini ulilisema kwa sauti ya mtu mwingine?"

Shangazi akafungua mdomo. Akaufunga. Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, nakwambia, alikosa jibu. Akakaa kwenye kochi pembeni ya mumewe.

"Watanitoa kwenye chumba," akasema baadaye.

"Watakutoa."

"Na mimi nje ya kile chumba ni kelele tu. Unajua hilo? Humo ndani ndimo nilimo na maana."

Fundi akaacha mswaki, akamshika mkono wenye pete. Shangazi alilia, kisha akanawa uso, akala, maana hakuwa mtu wa kususia chakula kwa jambo ambalo alishaliamua.

Asubuhi alivaa gauni lake zuri na viatu vinavyolia. Kama ni kuingia, aliingia kwa kusikika. Kamati ilikaa kwenye jengo la utawala, chumba chenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama askari. Mwenyekiti alikuwa profesa wa hesabu, mzee mkavu asiyependa mtu apoteze muda. Pembeni yake mtahini na kile kitabu mbele yake. Kisha msimamizi wa msichana, ameinamisha kichwa. Kisha mkuu wa maktaba. Msichana alikuwa peke yake upande wa pili, fimbo yake ameikunja mapajani. Aliposikia viatu, akageuza uso upande mwingine.

"Mama, hujaitwa," mwenyekiti akasema.

"Najua. Lakini shahidi mnayemtafuta ninaye huku." Akaweka kompyuta mezani na spika yake ndogo, akabonyeza kabla mtu hajapata la kumjibu.

Chumba kikasikia. Mapumziko. Pete. Yale maneno. Pete mbili.

Mtahini alikuwa anafuata kwa kidole kitabuni. Kidole kikafika pale, kikasimama.

"Haya maneno ni ya nani?" mwenyekiti akauliza.

"Yangu."

"Umeyatoa wapi?"

"Kichwani. Nilikuwa namdhihaki mwandishi. Huwa nafuta, siku ile bomba lilipasuka, sikufuta. Huyu binti hajaghushi chochote. Aliandika alichosomewa. Aliyemsomea ni mimi."

Mkuu wa maktaba alikuwa amebadilika rangi. "Jana," akasema taratibu, "uliniambia nukta kwa nukta. Nimewaandikia hawa. Nimeweka sahihi."

"Nilikwambia, ndiyo. Nilijiamini bila kujisikiliza. Kosa ni langu, wewe huna lako hapo."

"Hii ni rekodi moja," mtahini akasema. "Tutajuaje nyingine zikoje?"

"Hamwezi kujua. Zikaguliwe zote, moja moja, na kitabu mkononi. Hata mimi sitaki mniamini hivi hivi."

Ndipo msichana aliposimama. Fimbo ikaanguka chini, hakuiokota.

"Uliniambia nimeota!" Akaushika ukingo wa meza. "Shangazi, mimi macho sina, masikio ndiyo niliyo nayo. Nimelala usiku kucha nikijiuliza kama na yenyewe yananiacha. Nilikubali! Nilishakubali kwamba nimesikia kitu ambacho hakipo! Leo nilikuja hapa kusema nina hatia, kwa sababu wewe ulisema hukosei!"

Shangazi alizunguka meza ile ndefu, viatu vikilia hatua kwa hatua, hakuna namna ya kuvinyamazisha, akafika kwa msichana akasimama mbele yake.

"Masikio yako yalikuwa sawa," akamwambia. "Yalisikia kila kitu kilichosemwa. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Nisamehe, mwanangu. Sikuombi unisamehe leo. Lakini nakuomba."

Msichana alipangusa machozi. Alikuwa analia kwa hasira, na kwa nafuu pia, maana vile viwili hukaa koo moja. Msimamizi wake akamwokotea fimbo.

Mwenyekiti alikohoa. Hakuwa mtu wa kuzungusha. Mashtaka yamefutwa, akasema. Lakini tasnifu haiwezi kupita na ungamo la mtu ambaye hakuungama. Sura ya tatu iandikwe upya kabla ya muhula kwisha, na isimame juu ya ushahidi mwingine. Msomaji wa maktaba asiguse kipaza sauti mpaka rekodi zote zikaguliwe. Maji hayakunywewa, mkutano ukavunjika.

Basi Shangazi akarudishwa juu, kwenye meza ya kuazimia, chini ya bango lake. Alikaa kimya kweli safari hii, akigonga mihuri, na watu wakaona mambo yameharibika. Wapo waliomfuata kumwuliza kama anaumwa. Mchana alishuka kukagua rekodi na karani mmoja, yeye akisikiliza na karani akifuata kitabuni. Zilikuwa nyingi, na zilikuwa safi. Kila moja iliyotoka safi alishusha pumzi, hakujisifu. Kusoma vitabu vipya wakampa kijana wa idara ya magazeti, mtu mwema, msafi, aliyesoma sura nzima kama anayehesabu matofali. Wanafunzi walisinzia nayo. Mmoja alisema amejua vizuri usingizi wa kitaaluma ukoje.

Msichana hakuonekana kwa muda. Alihitaji vitabu kwa ajili ya sura yake mpya, na kadiri siku za muhula zilivyozidi kusogea, Shangazi aliumia zaidi. Alimwuliza karani: amekuja? Amekuja, amechukua rekodi za yule kijana. Amesemaje? Hakusema, alipiga miayo.

Halafu siku moja fimbo ikagonga kila mlango wa ghorofa ya kwanza, ko ko ko, mpaka ofisi ya mkuu wa maktaba. Mlango wake haukufungwa vizuri, na meza ya kuazimia iko mkabala. Shangazi alisikia yote, na safari hii alisikiliza.

"Nataka anisomee yeye," msichana alisema.

"Huyo?" Mkuu alishangaa. "Baada ya yale yote?"

"Mkuu, sura yangu inahitaji kitabu kinene chenye majedwali, na muda unaniishia. Yule kaka anaposoma jedwali mimi naona ukuta. Shangazi anaposoma jedwali naliona jedwali."

"Na akikuchanganyia tena ya kwake?"

"Nitakaa naye humo ndani. Kitufe cha kurekodi nitakishika mimi."

Kisha mkuu akasema kitu ambacho Shangazi hakutegemea kukisikia kutoka kwa mtu yule na sweta lake. "Rekodi zake tumezikagua zote. Ni ile moja tu. Ila sikujua nimwambieje."

"Mwambie ashuke," msichana akasema. "Hasira nitaendelea nazo humo humo."

Shangazi hakungoja kuambiwa. Aliacha muhuri wazi juu ya meza, na mwalimu mmoja wa historia akibaki na kitabu chake mkononi.

Chumba kilikuwa kile kile, na kiti kililia vile vile. Waliweka kiti cha pili, magoti yao yakagusana chini ya meza. Msichana alinyoosha mkono akatafuta kitufe kwa vidole, akakipata, akakishika. Hakusalimia sana. "Ukurasa wa kwanza," akasema, akabonyeza.

Shangazi akasoma. Mwanzoni sauti ilitoka nyembamba, ya mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki. Ukurasa wa pili ikakaa sawa. Alipofika kwenye jedwali la kwanza, alilifungua safu kwa safu, namba kwa namba, na aliona uso wa msichana ukilegea, midomo ikihesabu pamoja naye. Wakaenda hivyo, sura moja, ya pili. Tanbihi zikaja, akazigonga, akazimaliza, hakutia hata punje ya kwake. Alijihisi yuko imara tena, na kwamba imara hii ni nyingine kuliko ile ya zamani.

Kisha mwandishi, huyu naye, mtu na shahada zake, akaandika kwamba kulea watoto ni shughuli inayojiendesha yenyewe mtoto akishalala.

Shangazi aliisoma. Akafika kwenye nukta. Akanyamaza zaidi kidogo ya inavyotakiwa. Akavuta pumzi, akaanza sentensi iliyofuata, akakwama kwenye neno la kwanza, akaanza tena. Kiti kikalia. Alikuwa ameyabana maneno nyuma ya meno kama mtu aliyebana chafya kanisani.

Kitufe kikalia, tk.

"Nimezima," msichana akasema kwa tabasamu. "Sema, Shangazi, kabla hujapasuka."

Na Shangazi akasema. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya tumboni, bila kumwigiza mtu, kuhusu mtoto aliyelala na mama anayefua kwa kunyata, anayepika bila kugonganisha sufuria, anayesikiliza pumzi kutoka chumba cha pili huku amelala jicho moja. Alisema mpaka akamaliza. Msichana alikuwa ameacha kutabasamu zamani. Alikuwa ametulia kabisa, kichwa amekiinamisha upande, kama anavyosikiliza kitu anachotaka kukihifadhi.

"Hilo ndilo nilikuwa nalitafuta kwenye sura ya tatu," akasema. "Naliandika. Lakini mara hii niambie, nimwandike nani?"

Shangazi akakaa wima.

"Niandike mimi," akasema. "Msomaji wa chumba cha sauti, mama wa watoto watatu. Na weka tarehe, tusije tukatafutana."